Mwenye Kuwasikizanisha Watu: Mwongozo kwa Kijana Anayetaka Kusomea Uandishi wa Habari za Zaraa

Kijana wa Murang'a anayemwambia baba yake kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea habari za kilimo, aghalabu huulizwa mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kilimo amekijua tangu utotoni, kwa kuwa alichuma kahawa na kukatia ng'ombe nyasi kabla hajajua kuandika jina lake, basi anakwenda kujifunza nini tena, na habari ni maneno, basi ni nani atakayemlipa mshahara kwa maneno? Maswali hayo si ya dharau. Ni ya mzazi anayehesabu karo, naye anastahili jawabu kamili. Nimeandika mwongozo huu ili uwe na jawabu hilo mkononi, na ili, utakapokwisha kumridhisha mzazi, ujue pia mlango wa kuingilia, vitabu vya kushika, miguu ya kutembea, na amana utakayobeba ukiwa umekubali kuitwa mwandishi wa habari za zaraa.

Kazi yenyewe ni ipi

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mji wa Murang'a ukiitwa bado Fort Hall, serikali ya kikoloni iliamrisha matuta ya kuzuia mmomonyoko yachimbwe katika miteremko ya wilaya nzima. Kwa upande wa ilimu ya udongo, rai ile ilikuwa na msingi, maana miteremko yetu ni mikali, mvua ya masika huteremka kwa nguvu, na kila mwenye macho aliona maji ya mito ya Mathioya na Maragua yakipita mekundu kwa udongo wa mashamba ya watu. Walakini rai ile ilifikishwa kwa amri, kwa vinywa vya machifu, na mzigo wa kuchimba ukawaangukia wanawake, waliokuwa na watoto wa kulea, maji ya kuteka na vishamba vyao wenyewe vya kupalilia kabla magugu hayajavishinda. Mwezi wa Julai mwaka 1947 mkutano mkubwa wa watu ukaamua kwamba wanawake hawatachimba tena, kazi ikasimama. Na mwaka uliofuata wanawake wakaandamana kwa nyimbo hadi makao ya wilaya kutia muhuri kukataa kwao. Miaka ikapita, uhuru ukaja, na kuanzia mwaka 1974, serikali ya Kenya ilipoanzisha kwa msaada wa Sweden mpango wa kuhifadhi udongo uliokwenda kwa mafunzo na mashauri, matuta, yale ya fanya juu ambayo udongo hurushwa upande wa juu wa mtaro, yakachimbwa na wakulima wenyewe, kwa mikono yao na majembe yao. Udongo ulikuwa ule ule na mteremko ule ule. Namna ya kusemezana ndiyo iliyogeuka.

Basi hapo, ndugu msomaji, ndipo ilipozaliwa haja ya elimu unayoitafuta. Maarifa yaliyo kweli hayamfai mtu mpaka yafike kwake katika sura anayoweza kuikubali, na hayawezi kufika katika sura hiyo ikiwa anayeyapeleka hakumsikiza kwanza anayepelekewa. Wazee wetu walilijua hilo. Mwezi wa Mei mwaka 1928, chama cha Kikuyu Central Association, chenye mizizi yake hapa Murang'a, kilianza kuchapa gazeti la Kikuyu ambalo mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta, aliyejulikana baadaye kwa jina la Jomo. Gazeti hilo waliliita Muigwithania, nalo ni neno ambalo kwa asili yake humtaja mtu anayewafanya wengine wasikizane, yaani mpatanishi. Angalia jinsi lugha mbili zinavyokutana: Kikuyu hutoa upatano katika kusikia, na Kiswahili nacho husema watu wamesikilizana kikimaanisha kwamba wameafikiana. Sijaona jina la kazi hii lililo bora kuliko hilo, na kila nitakalokuambia hapa chini latoka ndani yake.

Kazi hii si ngeni duniani. Chuo cha Iowa katika Marekani kilianza kuifundisha mwaka 1905, na Chuo Kikuu cha Wisconsin kikaifungulia idara yake mwaka 1908. Katika Afrika ya Mashariki ilipitia redioni zaidi: Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, watu waliketi vikundi vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kutenda walilokubaliana. Hapa Kenya jarida la The Organic Farmer lilianza mwaka 2005, na ndugu yake wa Kiswahili, Mkulima Mbunifu, akaanza kutoka Arusha mwaka 2011. Kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up kikafuata mwaka 2012. Na wasomaji wa Taifa Leo wamezizoea kurasa za Akilimali na Zaraa. Anayesema kwamba kazi hii haipo, hakufungua gazeti wala redio.

Mlango wa kuingilia

Sasa tuje kwenye masharti. Ukipekua orodha za vyuo vyetu ukitafuta shahada yenye jina hilo kamili, la mawasiliano na uandishi wa habari za kilimo, hutaipata kwa wepesi. Usikate tamaa, kwa sababu katika nchi yetu elimu hii huundwa kwa kuunganisha nusu mbili, nawe ndiwe fundi wa kuziunganisha.

Njia ya kwanza ni kuanza na kilimo. Shahada iliyo karibu zaidi na kusudi lako ni ile ya elimu ya kilimo na ugani, inayofundishwa katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya ukulima na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1987. Humo utasoma udongo, mimea na mifugo, na fauka ya hayo utasoma namna ya kumfundisha mtu mzima, jambo ambalo waandishi wengi hufa hawajafundishwa. Njia ya pili ni kuanza na uandishi, kama unavyofundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1970, au katika taasisi ya mawasiliano ya KIMC iliyofunguliwa mwaka 1961, kisha ukajitafutia elimu ya shamba. Njia ya tatu ni ya subira: stashahada ya kilimo, kazi ya miaka michache mashambani, ndipo shahada. Atakayetaka kuendelea mbele ajue kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya usimamizi wa habari na mawasiliano ya kilimo, iliyobuniwa kwa ushirikiano wa vyuo vya kilimo vya Afrika vilivyo chini ya muungano wa RUFORUM.

Ukiniuliza mimi, na ikiwa alama zako za sayansi zinakuruhusu, nitakushauri ushike njia ya kwanza. Kemia ya udongo na maradhi ya mimea ni vigumu kuyapata nje ya maabara na mwalimu, hali uandishi waweza kuufanyia mazoezi kila jioni ya uhai wako, kwa kalamu na karatasi tu. Walakini aliyejaliwa lugha na kunyimwa kemia asijione ametupwa. Njia yake ni ndefu kidogo, na itamlazimu kukaa na maafisa wa kilimo kama mwanagenzi akaavyo na fundi wake.

Kwa shahada, sharti uwe umepata wastani wa C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE, na kwa stashahada C-. Maombi ya nafasi vyuoni hupitia KUCCPS, na mikopo ya karo hupitia bodi ya HELB. Soma kwa makini masomo ya msingi yanayotakiwa kwa kila shahada, kwani kijana anaweza kuwa na wastani mzuri akazuiwa na alama ya baiolojia au ya hisabati peke yake. Hakikisha pia kwamba masomo unayoyachagua yameidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Kisha usidhani kwamba elimu yote iko mbali. Jirani zako ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kilichopata hati yake mwaka 2012 na chenye shamba lake la kahawa. Kipo pia Chuo Kikuu cha Karatina, kilichopata hati yake mwaka 2013. Tena vipo vyuo vikuu vya Murang'a, Kirinyaga na Embu, vyote vyenye hati za mwaka 2016, na hicho cha Embu kilitokana na chuo cha kufundishia maafisa wa kilimo. Kwa kila chuo utakachokifikiria, uliza maswali manne. Lina ukubwa gani shamba la mafunzo, na wanafunzi hulishika jembe au hulitazama tu? Je, kuna studio ya sauti inayofanya kazi? Mazoezi ya kazi hufanyika kwa miezi mingapi, na wapi? Na je, mwanafunzi wa kilimo huruhusiwa kuchukua somo moja au mawili katika idara ya mawasiliano? Jawabu la swali hilo la mwisho laweza kukutosha kuamua.

Elimu mbili katika kichwa kimoja

Katika masomo ya kilimo, usiruke udongo, maradhi na wadudu, mbegu, lishe ya mifugo, na uchumi wa kilimo. Katika masomo ya mawasiliano, usiruke utoaji wa habari, sauti, picha, sheria za vyombo vya habari, na uhariri. Baina ya hizo mbili liko somo ambalo wanafunzi wengi hulikimbia, nalo ni takwimu; nami nakusihi ulikimbilie, kwa kuwa habari za zaraa ni habari za hesabu.

Chukua mfano wa kahawa. Tuseme kwa ajili ya zoezi kwamba gunia la kilo 50 la kahawa safi limeuzwa mnadani Nairobi kwa dola 300, na dola ni shilingi 130. Gunia limepata shilingi 39,000, yaani shilingi 780 kwa kilo. Mwandishi asiyejua kazi ataandika kwamba mkulima amepata shilingi 780, na kijijini kutazuka ugomvi baina ya wanachama na kamati yao. Kwani mkulima hapeleki kahawa safi kiwandani. Hupeleka matunda mabivu, na hutakikana kilo 6 au 7 hivi za matunda ili ipatikane kilo moja ya kahawa safi. Gawanya 780 kwa 7, utapata shilingi 111 na ushei kwa kilo ya matunda, kabla ya kuondoa gharama za kiwanda, za kukoboa, za usafirishaji na za mkopo wa pembejeo. Basi mkulima akilipwa shilingi 80, habari yako imo katika zile shilingi 31 zilizosalia: zimekwenda wapi, kwa idhini ya nani, na kwa hesabu iliyosomwa katika mkutano gani? Tena uangalie kama bei uliyoisikia ilikuwa ya daraja la AA peke yake, hali shehena nzima ilikuwa na AB, PB na madaraja ya chini yake. Anayejua hesabu hii anaweza kuwafaa wanachama elfu moja kwa habari moja. Asiyeijua anaweza kuwagombanisha kwa sentensi moja.

Vipimo navyo vina ulimi wao. Debe, gorogoro, gunia, na lile gunia la lumbesa lililojazwa viazi hadi likaota kichwa na kushonewa wavu juu yake, yote ni maneno yanayoficha kilo. Usiandike bei ya gunia kabla hujauliza uzito wake.

Mteremko wa Murang'a ni darasa

Mungu ameijalia Murang'a jambo ambalo chuo hakiwezi kulinunua. Kutoka misitu ya Nyandarua upande wa magharibi hadi tambarare ya Makuyu upande wa mashariki, mtu hushuka kwa safari ya chini ya siku moja kupitia chai, kisha kahawa na ng'ombe wa maziwa, kisha parachichi, makadamia na ndizi, mpaka afike kwenye maembe na mahindi ya nchi kavu. Mwanafunzi mwenye bidii na achague kaya moja katika kila daraja la mteremko huo, aizuru kila mwezi kwa muda wa msimu mzima, akiandika yaliyopandwa, yaliyonunuliwa, yaliyouzwa na yaliyoharibika. Daftari hilo litamfunza kuliko vitabu vingi, maana ataona kwa macho yake kwamba mvua ile ile iliyomfurahisha mwenye chai imemharibia mwenye kahawa kwa kuotesha ugonjwa wa matunda.

Jifunze kuhesabu wakati kama wanavyouhesabu wenyeji. Vitabu vitakuambia mvua ndefu na mvua fupi. Bibi wa Kangema atakuambia msimu wa njahi na msimu wa mwere, akiita kila mvua kwa zao lililopandwa zamani katika mvua hiyo. Anapokuambia kwamba alipanda kabla njahi haijatulia, amekupa tarehe, hali ya udongo na maoni yake juu ya mbegu kwa maneno machache, nawe ukiyafasiri ovyo utakuwa umempokonya nusu ya alichokijua.

Huko huko Kangema kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa fani hii yampasa alitazame. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilifungua huko kituo cha redio ya jamii, kwa kuwa nyanda za juu za Murang'a huporomoka ardhi wakati wa mvua kubwa, na utabiri uliokuwa ukikaa Nairobi katika lugha ya wataalamu ulikuwa haumfikii mtu aliyelala chini ya ukingo unaotaka kuteremka. Fikiria kazi ya mtangazaji wa kituo kama hicho. Mkononi ana karatasi isemayo kwamba uwezekano wa mvua kupita wastani ni mkubwa. Wastani wa miaka mingapi? Kupita kwa kiasi gani? Na mwenye shamba afanye nini kesho asubuhi: azibue mitaro, achelewe kuweka mbolea isije ikachukuliwa na maji, awahamishe watoto kutoka chumba kilicho karibu na ukingo? Kuitoa karatasi ile katika takwimu na kuifikisha katika uamuzi wa kesho, bila kuongeza uhakika ambao mtaalamu hakuutoa, hiyo ndiyo taaluma yenyewe.

Usiache pia kuzuru kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Kandara, wanakoshughulikia mazao ya bustani, chuo cha wakulima cha Wambugu kule Nyeri, na soko la Karatina siku ya gulio, ufike mapema wakati malori yanapopakuliwa, kwa kuwa bei huamuliwa saa ile, na wanaofika baadaye huikuta imekwisha kukaa.

Namna ya kuuliza na namna ya kuandika

Nenda kiwanda cha kahawa siku ya kupokea matunda. Utaona magunia yametandazwa chini, na juu yake kina mama wameyamwaga matunda waliyoyachuma tangu alfajiri, wakitenga mekundu na mabichi na yale yaliyopigwa na ugonjwa, vidole vikienda mbio kuliko macho yako. Karani amesimama kando ya mizani, akitaja kilo kwa sauti na kuandika risiti, na kila mama akiikunja risiti yake mara nne na kuifunga katika pindo la leso. Mwanafunzi mgeni hukimbilia kutoa kinasa sauti na kuuliza, "Changamoto zenu ni zipi?" Usifanye hivyo. Amkia, mwite bibi Cucu na mzee Guka kama unavyowaita wa kwenu, kisha uchuchumae utenge matunda pamoja nao. Baada ya robo saa utaulizwa wewe mwenyewe u mtoto wa nani na umekuja kufanya nini; jibu kwa ukweli, omba ruhusa, ndipo uulize. Na swali lako la kwanza liwe la jambo alilolifanya, si la maoni yake: jana ulichuma kilo ngapi, dawa ulipiga lini, nani alikushauri. Maoni yatakuja yenyewe, tena yakiwa na miguu ya kusimamia.

Mtangazaji wa kilimo wa Canada, George Atkins, aliyeanzisha mwaka 1979 mtandao unaoitwa leo Farm Radio International, aliamshwa na jambo lililo karibu na hili. Alipokutana na watangazaji wenzake wa nchi maskini akiwa Zambia mwaka 1975, aligundua kwamba redio ziliwasomea wakulima habari za matrekta, hali wasikilizaji walikuwa na majembe. Watangazaji wale hawakuwa wavivu, walisoma walichopewa. Kilichokosekana ni mtu wa kupeleka swali la msikilizaji juu, kabla ya kuleta jawabu chini.

Katika kuandika, pima kila neno la kitaalamu kwa kulisoma mbele ya mkulima. Baadhi ya maneno yamekwisha kukaa katika Kiswahili, kama kutu ya majani, na kama chulebuni, neno zuri ambalo wakulima wa kahawa wa Tanzania wameupa ule ugonjwa wa matunda. Mengine hayana jina, na hapo ni heri useme kwa maelezo kuliko kubuni neno lisiloeleweka. Weka daftari la safu tatu, Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, uliongeze kila safari. Litakuwa mali yako ya kudumu.

Tena, uwe mwoga wa tarakimu. Katika ujana wangu niliandika makala juu ya wadudu wa sukuma wiki, na mahali pa kusema mililita 20 za dawa kwa pampu ya mgongoni ya lita 20, kalamu yangu ikaandika 200. Mhariri hakuona, nami sikusoma mara ya pili. Wiki mbili baadaye mama mmoja alinijia na gazeti lililokunjwa, akanipeleka kwenye kitalu chake kilichoungua kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hakunitukana. Alinionyesha sentensi yangu kwa kidole, kisha akanionyesha shamba. Tangu siku hiyo sijapeleka kipimo chochote kwa mchapaji kabla sijakilinganisha na karatasi iliyobandikwa kwenye chupa na kumsomea afisa wa kilimo kwa sauti. Nawe nakuusia uanze na desturi hiyo mapema kuliko nilivyoanza mimi.

Amana na hatari zake

Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 ndiyo inayosimamia mwenendo wa waandishi na kuwaandikisha, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kudai maandishi yaliyo katika ofisi za umma. Zisome zote mbili ukiwa bado chuoni. Lakini ziko hatari tatu za fani hii ambazo sheria haitakuepushia.

Ya kwanza ni habari za kutajirika. Wakenya hawajasahau miaka ya 2013 na 2014, kware waliposifiwa kila mahali kuwa mali na dawa, watu wakauza ng'ombe na kuchukua mikopo kununua ndege na mayai, na muda si muda soko likajaa na bei ikaanguka. Wengi walioandika habari zile hawakusema uwongo. Walimhoji aliyefaulu, wakamwacha bila kumuuliza anamuuzia nani. Kila utakapoandika faida, andika na mnunuzi ni nani, ananunua kiasi gani, na itakuwaje majirani mia wakifuga vile vile.

Ya pili ni bei bila wakati wake. Parachichi halilainiki mtini. Hukomaa huko, likachumwa, ndipo likaiva. Likichumwa changa husinyaa na kuwa kama mpira, na mzigo mmoja wa namna hiyo huliharibia jina tunda la nchi nzima huko ng'ambo. Kwa sababu hiyo Mamlaka ya Kilimo na Chakula hufunga msimu wa kuchuma wakati matunda bado hayajakomaa, na kupima ukavu wa nyama ya tunda kabla ya kuufungua. Ukitangaza kwamba bei ya parachichi la Hass imepanda, bila kusema namna ya kutambua tunda lililokomaa, umewapa madalali ngazi ya kupandia mti wa mjane usiku.

Ya tatu ni mkono wa muuza dawa. Kampuni za pembejeo ndizo zinazotoa matangazo mengi katika kurasa na vipindi vya kilimo, na hakuna haramu katika tangazo lililoitwa tangazo. Haramu ni tangazo lililovalishwa kanzu ya nasaha. Ikiwa umelipiwa safari, sema umelipiwa. Ikiwa dawa haijasajiliwa na bodi inayosimamia viuatilifu, usiitaje kwa sifa hata akiileta rafiki yako.

Kazi baada ya shahada

Sasa turudi kwa baba na swali lake la mshahara. Kazi ziko katika magazeti na redio, zikiwemo zile za Kikuyu zinazosikilizwa na wakulima wetu tangu alfajiri. Ziko katika taasisi za utafiti zinazohitaji mtu wa kuyatoa matokeo kabatini. Ziko katika serikali za kaunti, ambazo tangu ugatuzi wa mwaka 2013 ndizo zenye dhamana ya ugani. Na ziko katika vyama vya ushirika, mashirika ya maendeleo na kampuni zinazouza matunda nje. Usimdanganye kwamba zote hulipa vizuri, wala kwamba zinakusubiri. Wengi huanza kwa kulipwa kwa makala, wakijazia na kazi nyingine. Mwambie hivi: mtu mwenye kujua shamba, hesabu na lugha tatu hakosi wa kumtumia, na akikosa kwa muda, shamba la kwao lipo na anajua kulilima vizuri kuliko alivyolijua alipoondoka.

Nawe usingoje barua ya chuo ndipo uanze. Jumamosi hii chagua jambo moja dogo linalofanyika kwenu au kwa jirani, kama kukata matawi ya kahawa baada ya mavuno au kuchanganya lishe ya ng'ombe. Litazame tangu mwanzo hadi mwisho ukiwa kimya, kisha uliza, kisha andika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Jioni urudi kwa yule yule uliyemtazama, umsomee polepole uliyoyaandika, na umpe kalamu. Atakapokuambia, "Hapo sivyo," mwachie apafute na akueleze ilivyo. Ukurasa huo wenye mistari yake iliyokatwa uutie katika bahasha pamoja na vyeti vyako, uende nao chuoni.